Seva ya kwanza nyumbani: ununue mashine gani, na ukague nini kabla ya kutoa hela

Kila wiki swali ni lilelile, sura tu ndiyo hubadilika. Mmoja yuko Jinja, ameona mtambo wa chuma uliotoka kwenye ofisi kubwa ukiuzwa bei ya kutupa, anauliza auchukue au auache. Mwingine yuko Arua na laptopu iliyopasuka kioo, anataka kujua kama bado ina kazi au awape watoto wachezee. Wa tatu ni jirani yangu hapa Kireka: alinunua Raspberry Pi (kikompyuta cha ubao mmoja), akaipa kadi ya kumbukumbu ya bei ya soda, na baada ya miezi mitano kadi ikafa pamoja na picha zote za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba) ya dada yake.

Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Majibu yote nimeyaweka hapa, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeufuata kama ningekuwa naanza leo.

Neno "seva" lisikutishe. Ni kompyuta ya kawaida, ila haizimwi, na wengine wa nyumbani huitumia kupitia mtandao wa ndani. Inahifadhi picha za simu zote, inarusha filamu kwenye televisheni, inatunza faili za duka au shule. Tena haihitaji intaneti kufanya hayo. Mnaoishi hapa mnakumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi. Majirani walikaa wakitazamana. Kwangu watoto waliendelea na katuni zao kutoka kwenye laptopu kuukuu iliyolala juu ya kabati.

Jambo moja nitalirudia mpaka ukasirike: hela yako ipeleke kwanza kwenye umeme, halafu kwenye diski, na prosesa (chipu inayofikiri) iwe ya mwisho. Karibu kila anayeanza hufanya kinyume. Ananunua prosesa ya kujivunia, anaichomeka moja kwa moja ukutani, na mvua ya Aprili inamfundisha.

Uwe na haya kabla ya kwenda dukani

- Risiti ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya karibuni, ili ujue uniti moja unailipia kiasi gani.
- Flashi ya GB 8 au zaidi yenye Ubuntu (aina ya Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) inayowaka bila kusakinishwa. Hii ndiyo silaha yako dukani. Usiende bila hiyo.
- Bisibisi ndogo ya nyota na tochi ya simu.
- Rauta yenye tundu la kebo ya mtandao. Vile vifaa vidogo vya mfukoni vinavyotoa Wi-Fi peke yake vitakusumbua, kwa sababu seva inataka waya.
- Muda. Nenda asubuhi, siku ambayo hukimbilii kokote. Muuzaji akijua una haraka, mashine haitafunguliwa.

Hatua ya 1: Andika kazi mbili

Si kumi. Mbili. Kwa mfano: "kutunza picha za familia" na "filamu za watoto". Ukishaandika kumi utaanza kutafuta mashine ya kampuni wakati una watu wanne nyumbani. Picha na faili hazihitaji nguvu yoyote ya maana. Filamu zinahitaji nguvu kidogo, tena pale tu ambapo seva inalazimika kuibadilisha filamu ili televisheni iielewe. Zaidi ya hapo, mashine ya bei ya kati iliyotoka ofisini itakutosha miaka mingi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme kabla ya bei ya mashine

Watu wanaruka hatua hii, na ndiyo inayowaumiza. Seva inakula saa 24, siku 30. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Chukua wati za mashine, zidisha kwa 24, zidisha kwa 30, gawanya kwa 1,000: hizo ndizo uniti za mwezi. Hapa natumia shilingi 800 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei iliyo kwenye risiti yako. Angalizo: uniti chache za mwanzo wa mwezi huwa nafuu, kwa hiyo tumia bei ya zile zinazofuata, la sivyo utajidanganya.

- Raspberry Pi na SSD (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka), tuseme wati 5: uniti 3.6, shilingi 2,880 kwa mwezi.
- Kompyuta mini ya ofisi, tuseme wati 15: uniti 10.8, shilingi 8,640.
- Kompyuta kubwa ya mezani, tuseme wati 60: uniti 43.2, shilingi 34,560.
- Seva ya kampuni, ile bapa na ndefu ya kufungwa kwenye kabati, tuseme wati 180: uniti 129.6, shilingi 103,680.

Ndugu yangu wa Jinja, sasa unaona kwa nini ule mtambo unauzwa bei ya kutupa. Aliyekuwa nao alikuwa halipi Yaka mwenyewe. Na sijakutajia kelele: feni zake zinapiga kama pikipiki isiyo na ekzosi, na ukikaa muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, utalala na hiyo pikipiki.

Tangu shirika la UEDCL lichukue usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme mwaka 2025, wapo wanaoniuliza kama hesabu hii imebadilika. Jina kwenye risiti limebadilika. Wati ni zilezile.

Hatua ya 3: Chagua aina ya mashine

*Laptopu kuukuu.* Kama unayo ndani ya nyumba, anza nayo leo, usinunue chochote. Ina betri yake, maana yake umeme ukikatika haishtuki. Ina kibodi na skrini za kufanyia matengenezo. Laptopu iliyopasuka kioo ndiyo tamu zaidi, kwa sababu hakuna anayeitaka: ichomeke kwenye televisheni kwa HDMI wakati wa kusakinisha, kisha ifunge uisahau. Mafundi wa simu na kompyuta wengi wanazo chini ya meza.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, ukiifunga inalala. Kwenye Linux unafungua faili la /etc/systemd/logind.conf na kuandika HandleLidSwitch=ignore, kisha unaiwasha upya. Pili, betri. Betri inayochajiwa miaka bila kupumzika huvimba. Padi ya kipanya ikianza kuinuka au laptopu ikawa haifungi sawasawa, izime siku hiyohiyo, umpe fundi aitoe hiyo betri. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, na usiiweke laptopu ya namna hiyo karibu na pazia au godoro.

*Kompyuta mini ya ofisi.* Kama unanunua, nunua hii. Nazungumzia vile vibox vyenye ukubwa wa kitabu kinene: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini. Zimejengwa zikae ofisini ziwake kutwa, hazipigi kelele, na vipuri vyake vinapatikana. Kuna sababu nyingine ya kuzipenda sasa hivi: Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Makampuni yanazitoa nje. Linux haijali hata kidogo, kwa hiyo hasara yao ni faida yako.

*Raspberry Pi.* Ni kifaa kizuri, nami ninacho kimoja. Lakini kwa anayeanza Kampala sikipendekezi kama seva kuu. Ukishajumlisha chaja yake halisi (Pi 5 inataka ya volti 5 na ampia 5, si ile ya simu), kasha, feni na SSD, umefika au umepita bei ya kompyuta mini iliyotumika yenye nguvu zaidi. Inafaa pale ambapo umeme wote unatoka kwenye sola ndogo. Ukiwa nayo tayari, sawa, itumie, ila usiache data kwenye kadi ya kumbukumbu. Mwulize jirani yangu.

*Kompyuta kubwa ya mezani.* Ichukue kama tu unahitaji diski tatu au nne za inchi 3.5 ndani ya kasha moja. Anayeanza hahitaji.

Hatua ya 4: Soma jina la prosesa, usisomewe

Muuzaji atakwambia "hii ni i5" kana kwamba amemaliza. i5 ya mwaka gani? Soma namba inayofuata. Kwenye i5-6500T, ile 6 ni kizazi cha sita, na T ya mwisho inamaanisha imeundwa kula umeme kidogo. Kwenye i5-8500T kizazi ni cha nane, na viini ni sita badala ya vinne.

Kizazi cha 6 kinatosha kwa picha na faili. Kama filamu ni kazi yako kuu, panda hadi cha 7 au zaidi, kwa sababu hapo ndipo Intel ilipoanza kufungua filamu za HEVC za biti 10 (namna ya kisasa ya kubana filamu) kwa chipu yenyewe bila kuichosha prosesa. Kizazi cha 4 kichukue kikiwa cha bure.

RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi): GB 8 za kuanzia, 16 ukiweza. Kompyuta mini nyingi za umri huu hutumia DDR4 fupi ya laptopu, si ndefu ya mezani. Omba iwe kipande kimoja, tundu la pili libaki wazi kwa siku zijazo. Hayo tu.

Hatua ya 5: Kagua dukani, mashine ikiwa mezani na hela ikiwa mfukoni

Iwe ni Wandegeya, Kampala Road, au kwa kijana anayeuza kutoka nyumbani, utaratibu ni huu, na usiruke kitu:

1. Omba chaja ileile utakayopewa. Mashine hizi nyingi hufika bila chaja zake, na duka hukutafutia inayofanana. Lenovo Tiny hutumia ya volti 20 yenye kichwa bapa cha mstatili. Dell na HP hutumia ya volti 19.5 yenye kichwa cha duara. Soma maandishi ya chaja: upande wa kuingiza paandikwe 100-240V. Chaja ya Dell isiyo halisi ina ujanja wake: mashine inawaka vizuri, ila inajipunguza kasi kwa sababu haikuitambua chaja.
2. Iwashe uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza: F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji hana, irudishe. Ilikuwa ya kampuni, na kampuni iliifunga. Utaambiwa "hiyo fundi anaitoa dakika tano". Basi aitoe hizo dakika tano ukiwa umekaa hapo.
3. Ukiwa humohumo, tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi. Lenovo na HP huuita "After Power Loss", Dell "AC Recovery". Uweke kwenye kuwaka. Bila huu, kila umeme ukikatika ukiwa kazini, seva italala mpaka urudi kuibonyeza.
4. Tazama saa ya mashine. Ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ya ubao mama imekufa. Ni ile ya duara, CR2032, bei yake ni ndogo. Itumie kuombea punguzo.
5. Chomeka flashi ya Ubuntu, iwashie humo. Fungua video, acha icheze dakika kumi na tano. Weka mkono kwenye kasha: joto ni sawa, kuunguza si sawa. Sikiliza feni. Feni inayokwaruza leo itakwama mwezi ujao.
6. Jaribu kila tundu la USB kwa kipanya, na tundu la mtandao kwa kebo kama rauta ipo. Tundu la mtandao lililopigwa na radi huwa halionyeshi alama yoyote kwa nje.
7. Ifungue. Unatafuta vumbi jekundu lililoganda, kutu, alama za maji, na idadi ya vipande vya RAM ulivyoahidiwa.

Muuzaji akikunja uso, mshukuru, nenda duka linalofuata. Siku moja niliona aibu kumsumbua mzee mmoja aliyenikaribisha hata chai, nikalipa bila kufungua. Nyumbani nikakuta RAM ni nusu ya nilichoandikiwa. Chai ilikuwa nzuri.

Hatua ya 6: Diski, mahali pasipo na ubahili

Tenganisha mbili: SSD ndogo ya GB 256 kwa ajili ya mfumo, na diski nyingine kwa ajili ya data. Mini nyingi zina nafasi ya M.2 moja (ya SSD nyembamba isiyo na kasha) na ya inchi 2.5 moja, kwa hiyo zote zinaingia ndani. Pima unene: nafasi ile ya inchi 2.5 hupokea diski ya milimita 7. Diski za ukubwa huo zenye TB 4 au 5 huwa na milimita 15, na hazitaingia hata ukisali.

Kama unanunua diski iliyotumika, ichomeke ukiwa na ile Ubuntu, fungua programu ya Disks, tazama taarifa za SMART (ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia). Mistari mitatu inakutosha. Reallocated Sector Count na Current Pending Sector zote ziwe sifuri. Zikiwa na chochote, iache. Power-On Hours itakuonyesha umri: mwaka mmoja wa kuwaka bila kuzimwa ni saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imeshafanya kazi yake duniani, iache ipumzike.

Halafu kuna diski za uongo. Ukiona SSD ya USB ya TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana, haina TB 16. Ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya, na utaendelea kuandika juu yake huku inafuta ya zamani kimyakimya. Programu ya f3 kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows, huijaza diski yote na kuisoma tena. Inachukua saa nyingi. Ifanye kabla hujaweka hata picha moja.

Na tafadhali: diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva moja si bekapu. Mwizi akibeba kibox, amebeba zote mbili. Radi hivyohivyo. Diski ya pili ya USB, iliyonakiliwa kila mwezi na kukaa kwa kaka yako Mukono, inakulinda kuliko mpangilio wowote wa kitaalamu ndani ya chumba kimoja.

Hatua ya 7: Umeme wa akiba

Hapa ndipo nakuomba utumie hela uliyookoa kwenye prosesa. Kukatika kwa umeme kwenyewe si adui mkubwa. Adui ni kurudi kwake, pale unaporudi kwa kishindo, unakatika, unarudi tena ndani ya dakika moja. Mpangilio wangu kutoka ukutani ni huu: gadi, kisha UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), kisha seva na rauta.

Gadi ni kile kilinda-volti ambacho watu hununulia friji au televisheni. Volti ikipanda au kushuka mno kinakata, na umeme ukirudi kinasubiri kwanza utulie. UPS ya 650VA inatosha kabisa. Ndani yake kwa kawaida kuna betri ya volti 12 na ampia-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Seva ya wati 15 na rauta ya wati 10 zitakaa karibu saa moja ikiwa betri ni mpya. Kiasi kingine huliwa na UPS yenyewe. Betri hizo huchoka baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo unaponunua UPS iliyotumika, hesabu bei ya betri mpya ndani yake.

UPS yenye tundu la USB ni bora, kwa sababu seva inaweza kuambiwa na UPS kwamba betri inakwisha, ikajizima kwa adabu. Programu ya NUT inafanya hivyo bure.

Kama una sola yenye betri na inveta, UPS unaweza kuipunguza, lakini hesabu ni ileile: wati 25 kwa saa 24 ni wati-saa 600 kila siku, kabla hujawasha taa hata moja. Wengi wanasahau hilo, kisha wanalaumu paneli.

Usichomeke pasi wala printa kubwa kwenye UPS. Itapiga kelele na kuzima kila kitu.

Hatua ya 8: Mahali pa kuiweka

Juu ya kabati au rafu, mbali na dirisha. Dirishani kuna mvua, kuna vumbi la marram, na kuna mikono ya watu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa inatusaidia. Hatuhitaji kipoza hewa. Walio Gulu na Arua waiache ipumue zaidi, sentimita kumi wazi kila upande. Usiifunike kitambaa cha kufuma, mama yangu aliifunika, nikajua kwa nini ilikuwa inajizima.

Iunganishe na rauta kwa waya. Kebo ya Cat5e inatosha, ila uliza kama ni shaba. Zipo za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi ukizibeba, na hukatika ndani zikikunjwa mara chache.

Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, jua kwamba tunaishi mahali penye radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Radi haipiti kwenye plagi tu. Kama intaneti yako inashuka kutoka antena ya juu ya paa kwa waya wa shaba, inapita humo pia. Faiba yenyewe ni kioo, haibebi radi, ila kisanduku chake bado kimechomekwa ukutani. Mawingu yakikusanyika upande wa ziwa, chomoa vyote viwili, plagi na waya wa intaneti.

Hatua ya 9: Ijaribu wiki moja kabla ya kuiamini

Iwashe na data ambayo hata ikipotea hutalia. Siku ya tatu, chomoa gadi ukutani kwa makusudi. Hesabu dakika UPS inakaa. Acha mpaka seva ijizime, kisha rudisha umeme, uone kama inawaka yenyewe. Isipowaka, rudi kwenye BIOS. Ikifaulu mara mbili, hamishia picha, na zile za kwenye simu usizifute mpaka ile diski ya Mukono iwe imejazwa.

Mambo yakigoma

*Haiwaki yenyewe umeme ukirudi.* Mpangilio wa BIOS, au betri ya CR2032 imekufa na BIOS inasahau kila ulichoiambia. Kwa laptopu, nyingi hazina uwezo huo. Baadhi ya Dell zina "Wake on AC", itafute.

*Ilikuwa na kasi, sasa inakokota.* Kagua chaja kwanza, hasa kwa Dell. Kisha vumbi kwenye feni: brashi laini ya rangi, mashine ikiwa imezimwa. Kisha SMART ya diski.

*UPS inazima baada ya dakika chache ingawa betri ni mpya.* Baadhi ya UPS zikiona mzigo ni mdogo sana hudhani hakuna kitu na kujizima. Ongeza rauta kwenye UPS hiyohiyo, au zima kipengele hicho kama kinaruhusu.

*Diski ya USB inapotea na kurudi.* Mara nyingi ni njaa ya umeme. Tumia tundu la nyuma, kebo fupi, na kama ni diski ya inchi 3.5, adapta yake yenyewe.

*Filamu inakwamakwama kwenye televisheni tu.* Televisheni iko kwenye Wi-Fi dhaifu. Vuta kebo kabla hujalaumu prosesa.

*Nikiwa nje ya nyumba siifikii.* Watoa huduma wengi, hasa wa mtandao wa simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo kufungua mlango kwenye rauta hakusaidii. Weka Tailscale, programu inayounganisha simu yako na seva popote ulipo, ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Usinunue rauta mpya kwa sababu hiyo.

*Nikigusa kasha napata ganzi kwenye kidole.* Hiyo si tabia ya mashine. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halijaunganishwa na waya wa ardhini. Zima, chomoa, mwambie mwenye nyumba alete fundi wa umeme apime, na seva ikae bila kuwashwa mpaka amalize.